Ndui ya Kondoo (2): Kigaga Kimetoka Zizi Gani?

Wiki iliyopita tuliona ndui inavyosambaa zizini. Leo tuulize imetoka wapi.

Mlaze kondoo mgonjwa, umtazame pasipo na sufu: kwapani, kinenani, chini ya mkia. Madoa mekundu yaliyoanza huko hugeuka mapele magumu, kisha vigaga. Homa hupita nyuzijoto 40, kamasi na machozi humtoka. Usiichanganye ndui na ugonjwa wa vidonda vya midomo. Huo nao huletwa na kirusi cha jamii ya ndui, lakini cha ukoo mwingine, tena humwambukiza hata mtu anayemshika mnyama.

Macho hufika hapo tu. Virusi vya ndui ya kondoo, ndui ya mbuzi na mapele ngozi ya ng'ombe ni ndugu wa karibu mno, na vipimo vya kingamwili za damu haviwezi kuvitenganisha. Inabidi jeni zisomwe. Katika jeni iitwayo RPO30, kirusi cha kondoo kimepungukiwa herufi 21 ambazo ndugu zake wanazo. Pengo hilo dogo ndilo linalomtaja mhusika.

Na bila kusoma jeni, jina hudanganya. Nchini Kenya kilipatikana kirusi kwa kondoo, kikaitwa KS-1, kikatumika kama chanjo ya ndui. Baadaye jeni zake ziliposomwa, kikaonekana ni kirusi cha mapele ngozi ya ng'ombe!

Lakini maabara hukitaja kirusi, haitaji njia kiliyopitia. Njia wanaijua watu: kondoo alinunuliwa mnada gani, dume liliazimwa kwa nani, lori lilibeba kundi gani kabla. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya siku 8 hadi 13, kwa hiyo aliyeambukizwa leo anaweza kupita minada miwili akionekana mzima. Hata zizi tupu si la kuaminiwa, maana vigaga vilivyodondoka kivulini vinaweza kuhifadhi kirusi hadi miezi 6. Inauma kuona uchunguzi mzuri ukikwama mnadani kwa sababu kondoo hana hereni na muuzaji hakuandikwa popote.

Ndugu mfugaji, sampuli bora huchukuliwa ndani ya wiki ya kwanza ya dalili. Mwite daktari wa mifugo wiki hiyo hiyo, na kundi zima lisitoke zizini hadi majibu yarudi.