Je, Tuwasadiki Wajuzi wa Bei?

Leo twataka kujibu swali ambalo wazazi wa Handeni na Korogwe hutuuliza mara nyingi: wajuzi wa uchumi wasemapo kwamba bei zitapanda au zitashuka, je, tuwasadiki?

Kwanza yafaa tujue mfumuko wa bei ni kitu gani. Si kupanda kwa bei ya mahindi peke yake, mvua ikosapo Handeni. Ni kupanda kwa bei za vitu vingi kwa pamoja, mwaka hata mwaka. Wajuzi huupima kwa kuandika bei za unga, mafuta, nguo, nauli na vinginevyo, kisha hulinganisha jumla yake na ya mwaka uliopita.

Na tutazame yaliyotupata. Mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa liliitaka Tanzania ipunguze thamani ya shilingi. Waziri wa Fedha, Bwana Edwin Mtei, aliona yafaa kupatana nalo. Mwalimu Nyerere akakataa, na Bwana Mtei akajiuzulu. Wengi waliogopa kwamba shilingi ikishushwa, bei zitaruka vibaya, wala hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi, shilingi ilishushwa: dola iliyokuwa shilingi 17 hivi ikapita 50 kabla ya mwaka kwisha. Lakini bei zilipanda kadiri ya 30 kwa mia kwa mwaka, karibu na mwendo wa zamani.

Kwa nini hazikuruka? Kwa sababu bei ya serikali ilikuwa ya karatasi tu. Sabuni na sukari ziliadimika madukani, zikapatikana kwa walanguzi, nao walikuwa wamekwisha kuihesabu shilingi kwa thamani yake halisi. Mama mwenye kikapu sokoni Korogwe alilijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu.

Hata hivyo wajuzi wasijisifu kupita kiasi. Mfumuko haukushuka chini ya 10 kwa mia hata mwaka 1999, na katika miaka hiyo mirefu mwenye mshahara aliumia sana. Walimu waliotufundisha sisi walilima na kufuga ili watoto wao wale.

Basi, mjuzi akitaja yaliyokwisha kupimwa, tumwulize: umepima bei zipi, na wapi? Akitabiri yajayo, tumwulize: yasipokuwa hivyo, ni nani atakayeumia? Maana hesabu ya nchi nzima si hesabu ya kila nyumba. Maskini hutumia fedha yake nyingi kwa chakula. Unga ukipanda, yeye huumia kuliko hesabu ile isemavyo.

Twawaomba wazazi mwape watoto daftari. Kila mwanzo wa mwezi waandike bei ya unga, mafuta, sabuni na nauli. Mwaka ukiisha, mtaweza kuyapima maneno ya mjuzi kwa yale mliyoyaona wenyewe.