Uzamili wa elimu: milango iko karibu

Msomaji, umehitimu uzamili wa elimu nawe ni mwenyeji wa Garissa, Wajir au Mandera. Je, ni lazima upande basi uende Nairobi kutafuta kazi? La, hasha!

Anza na Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati kamili mwaka wa 2017, miaka miwili baada ya shambulio lililoua watu 148. Lakini jiandae: kupanda ngazi ya uhadhiri kunadai shahada ya uzamifu. Vyuo vya ualimu navyo huhitaji wakufunzi.

Pili, bisha hodi kwenye kaunti. Tangu 2013 shule za chekechea zi mikononi mwake, nazo zahitaji wasimamizi waliosomea kazi hiyo.

Tatu ni Dadaab, kwenye kambi zilizoanza kufunguliwa 1991. Mashirika huajiri watu wa kusimamia shule na kuwanoa walimu. Ila kazi hizo ni za mkataba. Wafadhili wakiondoka, nawe unafunga virago.

Nne, sheria ya elimu ya 2013 iliunda baraza la elimu ya wafugaji wanaohamahama. Anayejua maisha ya ngamia na ukame ana la kusema huko.

Usisahau ya 2020. Walimu watatu waliuawa Kamuthe, wageni wakahamishwa, madarasa yakabaki matupu. Kwa hivyo ukiamua kurudi darasani na uzamili wako, usione haya. Pengo hilo, msomaji, nani atalijaza kama si wewe mwenyeji?