Neno "Kienyeji" na Chakula cha Siha

Jijini Nairobi, kuanzia mikahawa ya katikati ya jiji hadi masoko ya Kangemi na Kawangware, mboga na kuku "wa kienyeji" huhesabiwa kuwa chakula cha siha, na kuku hao huuzwa ghali kuliko broila.

Asili ya neno ni mwenyeji, yaani mwenye mji. Kiambishi ki- hapa si cha ngeli bali ni cha namna, kama katika kiungwana. Ndiyo sababu hakigeuki ch-, kama kigeukavyo katika chenye. Kienyeji, basi, ni "kwa namna ya wenyeji". Siha haimo katika neno.

Zamani neno hili lilibeba dharau: mambo ya kienyeji yalikuwa kinyume cha maendeleo, na managu, yaani mnavu, ilidhaniwa mboga ya maskini. Leo dharau imegeuka sifa.

Je, kuku walioboreshwa na taasisi ya utafiti ya KALRO, huko Naivasha, ni wa kienyeji? Sarufi yajibu kwamba neno lataja namna, si mbegu. Kuku huyo akifungiwa bandani, akalishwa chakula cha kiwandani, namna imeondoka, limebaki jina. Na mnunuzi amelipia jina.