Fistula ya Uzazi: Wiki Ambazo Mpira wa Mkojo Huweza Kutosha

Tundu la fistula ya uzazi, kati ya kibofu na uke, mara nyingi halipo siku mtoto anapozaliwa. Uchungu ukipita kiasi huku kichwa cha mtoto kimekwama, kibofu cha mkojo hubanwa kati ya kichwa hicho na mfupa wa kinena, damu isifike. Nyama iliyokosa damu hufa, lakini haidondoki papo hapo. Hushikilia siku tatu, pengine hata kumi, ndipo hunyofoka na mkojo ukaanza kuvuja bila kukoma. Kufikia hapo mama amekwisha ruhusiwa hospitalini, yuko nyumbani, na wanaomtunza humwambia ni udhaifu wa uzazi, utaisha arobaini ikipita.

Subira hiyo ni hasara kubwa. Katika wiki hizo za kwanza kingo za tundu hazijafunga kovu, na mwili uko kazini kuliziba. Kinachouzuia ni mkojo wenyewe. Fundi akiitwa kuziba ufa wa tangi la maji juu ya paa, hachanganyi saruji kabla ya kufungua bomba la chini. Maji yanaweza kuendelea kuingia. Muhimu ni yatoke kwa njia pana kuliko ufa, ukuta usisukumwe kutoka ndani na kingo zikae zimegusana mpaka zishikane. Bomba hilo likiziba usiku mmoja tu, maji hupanda, hurudi kwenye ufa na kuosha kilichokuwa kimeanza kukauka. Katheta, ambayo wodini huitwa mpira wa mkojo, ndiyo bomba la chini la kibofu. Puto dogo kwenye ncha yake huishikilia ndani. Kibofu kikikaa kitupu hunywea, tundu nalo hunywea, kingo hukaribiana, na utando mpya hutambaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mama hunywa maji mengi, lita nne au tano kwa siku, mpaka mkojo upoteze rangi, kwa kuwa mkojo mzito huacha mashapo yanayoziba mpira. Muuguzi hukagua mara kwa mara usipindwe wala kulaliwa. Mpira hukaa wiki nne hadi sita, na tundu dogo huweza kufunga bila kisu.

Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kumsubirisha mama miezi mitatu au zaidi, akivuja. Mwaka 2004 daktari Kees Waaldijk, aliyefanya kazi kaskazini mwa Nigeria, alichapisha matokeo ya wanawake 1,716 waliotibiwa kati ya siku 3 na 75 baada ya kujifungua, kwa mpira au kwa kushonwa mapema: asilimia 95.2 ya matundu yalifungika kwa jaribio la kwanza. Hapa Kenya, tundu kubwa huhitaji mpasuaji bingwa, kama wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au Gynocare mjini Eldoret.

Katika miji ya Thika na Ruiru tatizo si umbali. Ruiru, iliyohesabiwa watu 490,120 mwaka 2019, ina hospitali yake ya Level 4, na matatu hufika Thika Level 5 kwa barabara kuu. Pengo liko kwenye kalenda. Wiki ya sita ina chanjo ya mtoto, kwa hiyo haisahauliki. Ziara ya wiki ya kwanza au ya pili ndiyo rahisi kurukwa, nayo ndiyo ya kumuuliza mama, faraghani, kama nguo zake zinalowa. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuliuliza swali hilo mlangoni.

Jeraha jingine la uzazi, kuchanika hadi msuli wa njia ya haja kubwa, lina saa zake, si wiki. Hushonwa mapema, katika chumba cha upasuaji, kwa ganzi kamili na mwanga wa kutosha. Mshono wa haraka kitandani huweza kuacha msuli umetengana chini ya ngozi iliyopona.

Uchungu uliokwama hubana pia mishipa ya fahamu, mama akaburuza unyayo. Mazoezi ya viungo huanza angali na mpira. Mara nyingi mtoto huwa amekufa, na msiba huo unahitaji mshauri nasaha wa kukaa na mama, na mume aelezwe kilichotokea. Baada ya fistula kushonwa, tendo la ndoa husubiri miezi mitatu, na kijitabu cha kliniki huandikwa kwamba mtoto wa mimba ijayo atazaliwa kwa upasuaji.