Urithi wa Damu Si Hukumu

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Katika maradhi tunayoyazungumzia leo kikulacho kimo mwilini hasa. Askari wa kinga, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia. Wakiziangamiza chembe za kongosho zitengenezazo insulini, mtu hupata kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata sana watoto. Wakiuharibu utando wa mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, viungo hudhoofu na nuru ya macho hupungua.

Maradhi haya yazukapo katika nyumba, mara nyingi ulimi hutangulia akili. Mama hunyooshewa kidole kwamba ukoo wake una damu mbaya, na ndugu wa mgonjwa hukosa wachumba. Twasema waziwazi kwamba hiyo ni dhuluma, na elimu imekwisha kuikanusha.

Ni kweli kwamba urithi una sehemu yake. Zipo jeni ziitwazo HLA, ambazo huwasaidia askari wa kinga kupambanua kilicho cha mwili na kilicho cha adui. Baadhi ya aina zake, kama DR3 na DR4, huongeza hatari ya kisukari hicho. Hata hivyo, wengi mno wa wanaozibeba hawaugui maisha yao yote. Hata kwa pacha wa kufanana, waliorithi jeni zile zile, mmoja akipatwa na maradhi ya utando wa mishipa ya fahamu, mwenzake naye huugua katika takriban jozi moja tu kati ya nne.

Sisi watu wa visiwa tuna la kujifunza kutoka kisiwa cha Sardinia, nchini Italia, ambacho ni miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani kwa maradhi yote mawili. Kwa karne nyingi kisiwa hicho kilisumbuliwa na malaria, hata ilipotokomezwa kwa kampeni ya mwaka 1946 hadi 1950. Mwaka 2017 watafiti, akiwemo Francesco Cucca, walitangaza kwamba wamegundua badiliko la jeni linaloongeza nguvu za kinga, na pamoja nazo hatari ya maradhi ya mishipa ya fahamu na ya lupasi. Kwa maoni yao, badiliko hilo huenda lilienea kwa kuwa liliwasaidia wahenga wa kisiwa hicho kuishinda malaria.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali, ilhali aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Ngao ya babu yaweza kuwa mzigo wa mjukuu. Nani basi athubutu kuiita damu hiyo mbaya?

Kwa viongozi wetu, jeni haziwezi kubadilishwa kwa waraka, lakini kifo cha mtoto kinaweza kuzuiwa. Mtoto anywaye maji bila kukata kiu, akakojoa mara kwa mara na kukonda ghafla, asidhaniwe tu kuwa ana malaria wala kupatwa na jicho la hasidi. Apimwe sukari siku hiyo hiyo. Insulini imekuwa ikiokoa wagonjwa tangu mwaka 1922, na mtoto wa kisukari hicho akiikosa hufa.

Kwa hiyo twatoa mwito kwamba kila kituo cha afya, hata cha kisiwa kidogo kabisa, kiwe na kipimo cha sukari, akiba ya insulini na jokofu la kuihifadhi. Akiba hiyo iwekwe mapema, kabla pepo hazijachafua bahari na vyombo vikashindwa kuvuka.