Koleo la Meno: Jino Halitolewi kwa Nguvu

Watu wengi wanaoumwa na jino huchelewa kwenda hospitali kwa sababu ya kuogopa koleo. Hudhani ya kuwa daktari hulishika jino akalivuta kwa nguvu, kama seremala ang'oavyo msumari ubaoni. Sivyo. Yafaa kila mtu ajue jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi, maana ajuaye hupungukiwa na hofu, tena hujiepusha na hatari.

Zamani hofu hiyo ilikuwa na sababu. Katika karne ya 18 watu wa Ulaya walitolewa meno kwa chombo kilichoitwa ufunguo. Kulabu yake ililishika jino, na mpini ukazungushwa kama ufunguo katika kitasa. Mara nyingi jino lilivunjika, na pengine mfupa wa taya pia. Karibu na mwaka 1840 Mwingereza mmoja, John Tomes, aliyekuwa tabibu kijana mjini London, alibuni makoleo ambayo midomo yake ililingana na umbo la shingo ya jino. Makoleo ya siku hizi hufuata kanuni hiyo.

Jino limekaa katika tundu la mfupa, nalo limeshikwa humo na nyuzi nyembamba sana. Wala meno si sawa yote. Meno ya mbele yana mzizi mmoja mmoja. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, na ya juu mitatu. Kwa hiyo daktari hana koleo moja, bali anayo mengi. Lile la taya ya chini limepindwa kama kiwiko, ili lifike jinoni bila kuumiza mdomo. Na ikiwa jino limevunjika likabaki mzizi tu, liko koleo la midomo myembamba liwezalo kuingia kati ya mzizi na mfupa.

Kwanza daktari hupiga sindano ya ganzi na kungoja mpaka ishike. Kisha huachanisha ufizi na jino, akaisukuma midomo ya koleo chini ya ufizi kuelekea mzizini. Angalia: kazi huanza kwa kusukuma, si kwa kuvuta. Ndipo hulitikisa jino polepole, upande wa shavu na upande wa ulimi. Mfupa hulegea kidogo kidogo, tundu hupanuka, nyuzi hukatika, na jino hutoka bila kushindana. Mgonjwa husikia kusukumwa, lakini haimpasi kusikia maumivu makali. Akiyasikia, na ainue mkono, naye ataongezewa ganzi.

Sasa fikiri juu ya mtu atoaye meno sokoni kwa koleo la fundi. Midomo yake ni minene, haiwezi kuingia chini ya ufizi. Hukibana kichwa cha jino kikapasuka, na mzizi ulioharibika ukabaki ndani. Huko waweza kufanya usaha, na uvimbe ukishuka chini ya taya hata shingoni, waweza kuziba pumzi na kumwua mtu. Tena koleo lililotumiwa kwa mwingine bila kusafishwa ipasavyo laweza kueneza ugonjwa wa ini na virusi vya Ukimwi. Kulifuta kwa kitambaa hakutoshi. Hospitalini vyombo husafishwa kwa mvuke wenye kani, kwa mfano wa joto la digrii 121 kwa muda wa dakika 15.

Baada ya kutolewa jino, uma kitambaa safi ulichopewa kwa muda wa nusu saa. Siku ile usisukutue wala usivute tumbako, ili damu iliyoganda katika tundu isitoke. Kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukiona homa, uvimbe unaozidi, au damu isiyokoma, rudi hospitali upesi.

Basi, jino likiuma usingoje livunjike. Jino zima hutoka kwa urahisi kuliko mzizi uliobaki peke yake.