Si kila kiini kooni ni adui

SAA nane za usiku mtoto anaamka akilia, mkono ameushika sikioni. Kunapokucha mama anakimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki bila cheti cha daktari. Wiki chache baadaye sikio linauma tena. Kwa nini?

Sababu moja ni kuwa dawa hizo hazichagui. Huwaua bakteria waletao maradhi pamoja na wanaotulinda.

Wahenga walinena kikulacho ki nguoni mwako, lakini hata wakulindao wamo mumo humo. Puani na kooni huishi bakteria wengi wasio na madhara. Wakishatawala mahali, wabaya hukosa nafasi na chakula. Baadhi yao hata hutoa sumu ya kuwaua wabaya. Na kwa kuwa mrija mwembamba huunganisha sehemu ya nyuma ya pua na sikio, anayelinda koo hulinda sikio pia.

Profesa John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, aliugua utotoni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo na huweza kuharibu moyo. Alipokuwa mwanasayansi aliwatafuta bakteria wa kinywani wanaoweza kuzuia maambukizi hayo. Mmoja wao, aitwaye K12, sasa huuzwa katika vidonge vya kumumunya.

Nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001 uliwahusu watoto 108 waliokuwa wakiugua masikio mara kwa mara. Walitibiwa kwa antibiotiki kwanza, kisha baadhi wakapuliziwa puani bakteria wema na wengine dawa isiyo na bakteria. Baada ya miezi mitatu, asilimia 42 ya waliopewa bakteria walikuwa wazima, wenzao asilimia 22.

Hata hivyo, zaidi ya nusu ya waliopewa bakteria hawakuwa wazima. Kwa hivyo bakteria hao hawawezi kuchukua mahali pa daktari. Mtoto akiwa na homa kali, usaha sikioni au koo linalomzuia kumeza, mpeleke hospitalini, na akiandikiwa dawa, ameze kama alivyoagizwa.

Lakini mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki haziviui. Mzazi anayempa mwanawe dawa hizo kwa mafua tu hamtibu. Anawaua walinzi wake bure.